Mahubiri ya Mtani

Jumapili iliyopita nilisikia andiko lile likisomwa kwa kipaza sauti, na watu wakapiga vigelegele. Chuo cha Biblia kilichopo chini ya mlima kilikuwa kinasherehekea jubilei, nasi wanafunzi wa zamani tuliitwa, tukaketishwa chini ya turubai kama wageni rasmi, kila mmoja na chupa yake ya maji. Binti mwenye sauti nzuri alifungua Wafalme wa Kwanza, akasoma habari za Nabothi: jinsi mfalme Ahabu alivyolitamani shamba lake la mizabibu, Nabothi akakataa kutoa urithi wa wazee wake, na mwisho akasingiziwa na kuuawa. Kisha mhubiri akasimama, akasema kiwanja cha kanisa kule Msamvu, ambacho kimechorwa alama nyekundu kwa sababu wanasema barabara itapita, ndicho shamba la Nabothi wa leo. Watu wakainuka. Mama aliyekaa karibu yangu akanigusa bega, "Simama basi, mama, mbona umekaa?" Nikamwambia magoti yananisumbua. Magoti yangu ni mazima. Kilichonisumbua ni kwamba mume wangu, Lameki, alifukuzwa katika chuo kile kile kwa kuhubiri andiko lile lile, na mwaka jana, masika yakianza, nilimzika bila mtu yeyote wa chuo kulitaja jina lake hata kwa bahati mbaya.

Mwaka ninaousema ni ule ambao watu walikuwa wanahamishwa kwenda kwenye vijiji vipya. Sisi chuoni hatukuhamishwa na mtu. Tulikuwa tumekaa pale kwenye majengo ya mawe waliyoyaacha wamisionari, ukungu ukishuka asubuhi mpaka kwenye vioo, mfereji wa maji ukipiga kelele nyuma ya jiko. Wanawake tulikuwa wachache, tunasomea kazi ya kuhudumia kina mama na watoto usharikani, na tulilala katika chumba kilichokuwa stoo, ambacho hata tukikisugua vipi kilinuka mafuta ya taa. Bwalo lilikuwa na meza ndefu zilizolika kingo. Siku za kazi ugali, maharage na majani ya maboga. Jumapili wali, na nyama ambayo kila mtu alijifanya haiangalii mpaka sahani yake imfikie. Nilikuwa na furaha mle ndani, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi ninapokumbuka. Niliamini kwamba watu wanaosali pamoja asubuhi hawawezi kutupana mchana.

Mpishi wetu alikuwa Bi Mwantumu, Mluguru wa mlimani, Muislamu, mwanamke wa mdomo mrefu na mkono mwepesi wa chumvi. Kwa Lameki alikuwa na neno lake kila mlo, kwa sababu Lameki alikuwa Mnyamwezi, na Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu zamani za misafara. "Wewe Mnyamwezi," alimwambia mbele ya foleni nzima, "babu zako walipita hapa na mizigo kichwani wakatumalizia mihogo, na wewe umekuja kumalizia maharage?" Lameki alisogeza sahani yake mbele zaidi. "Mtani, mshukuru. Bila sisi kupita, nyie mngejuaje kama kuna dunia nje ya huu mlima?" Foleni ilikuwa ikicheka mpaka wa mwisho anasahau njaa. Mimi kwetu hatuna utani na Waluguru, kwa hiyo nilicheka kwa adabu, na nilimwonea wivu. Alikuwa na ruhusa ya kumwambia mtu lolote, na mtu huyo akamwongezea mchuzi.

Mkuu wa chuo, Mchungaji Natanaeli, ndiye aliyetufundisha somo alilolipenda kuliko yote, historia ya ufasiri wa Biblia. Alikuwa kijana bado, mrefu, ametoka mbali na Morogoro, na hakuwa na utani na mtu yeyote wa pale. Lakini darasani alikuwa moto. Alitueleza jinsi wafalme wa Ulaya walivyowalipa wanateolojia wao, na jinsi watumwa walivyosomewa mistari ya kutii mabwana huku habari za kutoka Misri zikirukwa. Alitueleza jinsi wakoloni walipowalazimisha watu wa milima hii kuchimba matuta, mmisionari mmoja alihubiri kwamba matuta yale ni amri ya Edeni, kwa kuwa Adamu aliambiwa ailime bustani na kuitunza. "Watu wakatupa majembe," alisema, "na yeye akashangaa wamekataa neno la Mungu." Tukacheka sana. Kisha akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: KILA MFASIRI ANA MWAJIRI. Lameki aliinakili akaipigia mstari. Jioni alinisomea tena huku tunafua kwenye mfereji, akasema, "Rahel, huyu mtu ndiye atanifanya mchungaji." Hakutaka kitu kingine maishani. Si cheo, si gari, si nyumba ya bati. Alitaka kuwekewa mikono kichwani na kupewa usharika, hata uwe wa watu watatu na mbuzi.

Habari za kuhama nilizisikia jikoni. Bi Mwantumu alikuwa anachambua maharage na dada yake, mimi nasubiri maji yachemke. "Wanasema tushuke wote," alisema. "Viwanja vimeshapimwa kule bondeni, mistari mistari kama shule." Dada yake akauliza, "Na migomba?" Bi Mwantumu akajibu, "Migomba ina miguu?" Hawakucheka. Mlima ule waliolima ulikuwa wa ukoo wa mama yao, na wa mama yake mama yao, maana kwa Waluguru ardhi inafuata tumbo la mama. Aliyepewa kazi ya kuwashusha alikuwa ndugu yao wenyewe, Mwenyekiti Shomari, mtu mfupi mwenye kofia ya kufuma na kicheko kikubwa, ambaye kwa wakati ule alikuwa amepungua kicheko. Naye migomba yake ilikuwa huko huko juu.

Siku chache baadaye walikuja wageni kutoka makao makuu ya kanisa. Sisi wanawake ndio tuliopeleka chai. Hata ungekuwa unaongoza darasa, wageni wakija ulishika birika. Nilisimama mlangoni kwa mkuu na birika langu nikasikia mmoja wao akisema, "Tumeomba kile kiwanja cha Msamvu, na majibu bado. Huu si wakati wa kuwachokoza wakubwa." Mchungaji Natanaeli akasema amekwisha kuliona tatizo. Kalenda ya kanisa ya mwaka ule, ile inayopanga somo la kila Jumapili, ilikuwa imeweka Nabothi katikati kabisa ya miezi ya kuhama. "Hapa chuoni tutasoma Matendo ya Mitume," alisema. "Pale waumini wa kwanza walipoweka mali zao pamoja." Mgeni akasema hilo ni andiko zuri, linaendana na wakati. Niliingia nikawamiminia chai. Mkuu alinishukuru kwa upole, kama kawaida yake.

Jumapili hiyo ilikuwa ya Lameki. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alihubiri hubiri moja la mtihani mbele ya walimu na watu wa vijiji vya jirani, na somo lilikuwa lile linaloangukia Jumapili yake. Mkuu alimwita akamwambia abadilishe. Lameki alikuja kunitafuta mferejini, na hakuwa na wasiwasi hata kidogo. "Kalenda imechapwa na kanisa lenyewe," aliniambia. "Nikisoma kilichoandikwa, kosa langu liko wapi? Na nikimgusa mwenyekiti, namgusa mtani wangu. Nani alishawahi kushtakiwa kwa utani?" Nikamwambia, "Jikoni ni jikoni, Lameki. Kule ni madhabahuni." Akanijibu kwamba Mungu hakosi kuwa na watani. Mpaka leo sijaamua kama nimsifu au nimgombeze kwa jibu lile. Alidhani ngao zake ni mbili, kalenda na utani, na kwamba hakuna mtu wa Morogoro anayeweza kuzivunja zote kwa mara moja. Kwa watu wa Morogoro alikuwa sahihi.

Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti Shomari, ingawa ni Muislamu, alikuja kama kiongozi aliyealikwa, akapewa kiti cha mbele. Lameki akasoma Nabothi, neno kwa neno, taratibu. Nikaona kalamu ya mkuu ikisimama. Kisha akafunga kitabu, akamtazama mwenyekiti, akasema, "Jamani, leo nina bahati. Wahubiri wengine wanahangaika kueleza Ahabu alivyokuwa. Mimi Ahabu wangu huyu hapa, amevaa kofia ya kufuma." Kanisa likalipuka. Wazee wa Kiluguru walipiga magoti yao kwa viganja, na Bi Mwantumu, aliyesimama mlangoni na mtandio wake, alicheka mpaka akashika nguzo. Mwenyekiti akainuka, mkono kiunoni, akajibu hapo hapo: "Na wewe Mnyamwezi ni Nabothi gani? Shamba lenyewe huna hata la kuzikiwa!" Watu wakazidi. Sijawahi kuliona kanisa lenye furaha vile, na ilikuwa furaha ya watu waliokuwa wanakaribia kubomoa nyumba zao.

Laiti angeishia pale. Lakini Lameki alikuwa mwanafunzi wa Natanaeli, na alisoma mpaka mwisho wa sura. Aliacha kicheko kitulie, akasema kwa sauti ya chini: "Sasa sikilizeni. Ahabu aliponyimwa shamba alifanya nini? Alikwenda kulala, akanuna, akageukia ukutani. Hakumuua mtu. Yezebeli aliandika barua, naye hakumuua mtu. Barua zilikwenda kwa wazee wa mji. Wao ndio waliotangaza mfungo, wakamketisha Nabothi mbele ya watu, wakawaleta mashahidi wa uongo. Walikuwa majirani zake. Walikuwa wanasali naye. Wangeweza kuzirudisha zile barua. Aliyemuua Nabothi si mtani wangu huyu. Ni sisi tunaosali naye, tukinyamaza." Hakuna aliyecheka tena. Mwenyekiti Shomari alikuwa ameinamisha kichwa, anajipangusa macho kwa kofia yake. Mkuu alikuwa ameweka kalamu mfukoni.

Baada ya ibada mwenyekiti alimshika Lameki sikio mbele ya watu wote, akamtoza faini ya utani, jogoo. Lameki hakuwa na jogoo, akamkopa Bi Mwantumu, na jogoo huyo wakamla wote watatu jikoni kwa ugali wa moto, wakitukanana. Kwa watu wa pale jambo lilikuwa limekwisha. Ndani ya juma lile Lameki aliitwa mbele ya baraza la chuo kwa kosa la kuleta siasa madhabahuni. Mwenyekiti aliposikia alipanda mwenyewe kwa miguu, jasho limemlowesha shati. Nilikuwa na birika langu tena, kwa hiyo nilisikia yote.

"Huyu ni mtani wangu," alisema. "Nimeshamtoza faini, tumekula, yamekwisha."

"Tunashukuru, mwenyekiti," Mchungaji Natanaeli akamwambia. "Lakini hili ni la kanisa. Amepotosha maana ya andiko. Hiyo siyo maana yake."

"Mimi Biblia siijui. Nauliza tu. Aliyetukanwa ni mimi. Mbona aliyekasirika ni wewe?"

Walimshukuru kwa kufika, wakampa chai, na nilimimina mimi. Lameki aliondoka kesho yake na sanduku lake la bati, bila cheti, na kanisa likaandikia sharika zote kwamba asipewe mimbari. Serikali haikumgusa hata siku moja. Ningependa watu walijue hilo, maana siku hizi wazee wenzangu wakikaa kusimulia mambo ya zamani kila mtu aliteswa na serikali. Bi Mwantumu na ukoo wake walishuka bondeni mwaka ule, wakakaa, wakaugua malaria, na baada ya miaka michache wakapanda tena mlimani mmoja mmoja bila kuaga. Kiwanja cha Msamvu kanisa lilipewa. Sijui kama kulikuwa na uhusiano, na sitasema nisichokijua. Najua tu kwamba wanapokiita urithi wa baba zetu, mimi nilikuwepo kikiombwa, nimeshika birika.

Nilimaliza masomo yangu, nikaolewa naye, na mimi pia sikupangiwa kituo. Tulikaa Mwembesongo. Lameki alijifunza cherehani, akawa fundi mzuri, na kwa kuwa alijua vazi la ibada linavyotakiwa kukaa, wachungaji wapya wakawa wanakuja kwake kushonewa majoho. Aliyashona miaka yote hiyo, ya watoto wa wenzake, kisha ya wajukuu wao. Sikuwahi kumwona akijaribisha hata moja. Nilikasirika kwa niaba yake, naye aliniambia kwa ukali niache, nitamharibia mshono. Jumapili alikaa benchi la nyuma na kusikiliza wakati unavyobadilisha maandiko. Biashara huria ilipokuja, waliokuwa wanahubiri kuweka mali pamoja wakahubiri talanta na mtumishi aliyezalisha faida. Sasa watu wa mlimani wanapoambiwa wapishe vyanzo vya maji, tunasomewa tena Adamu na bustani yake, na wahubiri wenyewe hawajui kwamba hubiri hilo lilishahubiriwa kwenye milima hii na watu wakatupa majembe. Lameki akiniangalia alinyanyua nyusi tu. Nilijua anasoma nini kichwani: yale maneno ya ubaoni.

Alipokufa, mchungaji wa mtaa alikuja, akasali vizuri, akasema ndugu yetu alikuwa fundi mwaminifu. Hakudanganya, lakini alikuwa anatazama saa. Kisha wakateremka watani. Walikuja wengi kuliko nilivyotegemea, watoto na wajukuu wa wale wa mlimani, wakaingia kwa kelele kama desturi inavyowaruhusu, wakakalia jeneza, wakadai hawachimbi mpaka Mnyamwezi wao aamke awape soda. Salumu, mtoto wa Bi Mwantumu, sasa mtu wa mvi, aliingia chumba cha cherehani kutafuta nguo za marehemu amwigize, kama watani wanavyofanya, akatoka amevaa joho ambalo Lameki hakuwahi kulimaliza. Mkono mmoja ulikuwa umeshikizwa kwa pini. Miwani ya Lameki ilikuwa puani, futi ya kupimia shingoni. Akapanda juu ya benchi, akaanza: "Jamani, leo nina bahati..." Nikajua. Alikuwa mtoto mgongoni mwa mama yake siku ile, au hata hakuwa amezaliwa, lakini alilijua hubiri lote. Walikuwa wamelitunza huko mlimani kwa kulicheka, mwaka hadi mwaka, kwenye misiba na harusi zao, Waislamu watupu, na hawakuacha hata kipande cha wazee wa mji. Alipofika pale, "ni sisi tunaosali naye, tukinyamaza," aliiga sauti ya mume wangu sawasawa, na mimi niliyekuwa nimekaza moyo tangu hospitali nililia kwa sauti. Mchungaji wa mtaa aliacha kutazama saa.

Kwa hiyo Jumapili, pale chini ya turubai, nilisubiri. Nilisubiri mhubiri afike kwa wazee wa mji. Alimsema Ahabu, alimsema Yezebeli, akasema kanisa halitauza urithi wake, akamaliza kwa wimbo. Wazee hawakutajwa. Ulipofika wakati wa pilau alinijia Mchungaji Natanaeli, mkongwe sasa, mkongojo mkononi, macho yale yale ya upole.

"Shikamoo, Mchungaji."

"Marahaba, mama. Pole na msiba, nilisikia." Akavuta kiti. "Tunatoa kijitabu cha jubilei. Kuna sura ya watetezi wa haki ya ardhi, na kamati imependekeza Lameki awe wa kwanza. Mwanasheria anasema itasaidia, ionekane msimamo wetu ni wa siku nyingi."

"Mtaandika kwamba mlimfukuza?"

"Tutaandika kwamba masomo yake yalikatizwa na hali ya wakati ule."

"Ulisema ile siyo maana ya andiko. Nilikuwa pale na birika."

Hakukasirika. Alifikiri kweli, kama alivyokuwa akifikiri darasani. "Wakati ule, mama," alisema, "haikuwa maana yake."

"Na wazee wa mji? Mbona leo hawakuhubiriwa?"

"Andiko lenyewe ni refu," akasema, akaweka mkono wake juu ya wangu. "Tunachoomba kwako ni picha tu. Hata ikiwa ya kawaida, amevaa shati, usijali. Kijana wetu wa kompyuta atamvisha joho."

Nikautoa mkono wangu. "Msihangaike," nikamwambia. "Joho alishavalishwa."

"Na nani?"

"Na watani zake, Waislamu wa mlimani, siku ya kumzika."

Akacheka kwa upole, akidhani ninamtania. Mimi na yeye hatuna utani.